Barua ya wazi kuhusu vitegemezi vinavyogoma kukompaili

KWA: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti

YAH: MAKOSA YA KUKOMPAILI WAKATI WA KUSAKINISHA FREMUWEKI ZA TOVUTI, NA MAANDALIZI YA KOMPYUTA ZINAZOPELEKWA NYAMISATI NA VIJIJI VYA DELTA

Fremuweki ya tovuti haiingii kwenye kompyuta peke yake. Django, iliyoanzia katika chumba cha habari cha gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, imeandikwa kwa Python tupu, kwa hiyo husakinishwa kwa amri moja bila matata. Matata huanza pale mradi unapotaka kuzungumza na kanzidata ya MySQL, kupunguza ukubwa wa picha au kulinda mawasiliano kwa usimbaji. Kazi hizo hubebwa na maktaba nyingine, na kiini cha nyingi kati yake kimeandikwa kwa C au Rust, lugha ambazo kompyuta haiwezi kuziendesha mpaka zikompailiwe, yaani zigeuzwe kuwa maagizo ya mashine yenyewe. Maktaba hizo ndizo vitegemezi vya mradi. Ndizo pia zinazowakwamisha wanafunzi wengi wa utengenezaji wa tovuti siku ya kwanza kabisa, kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa msimbo wao.

Pip, programu inayoleta maktaba za Python, ina njia mbili za kuifanya kazi yake. Ya kwanza ni kupakua faili linaloishia na herufi whl, ambalo ndani yake kila kitu kimeshakompailiwa kwa ajili ya mfumo endeshi fulani, prosesa fulani na toleo fulani la Python. Faili hilo lisipopatikana, pip hupakua msimbo chanzo na kuukompaili papo hapo. Ni tofauti ya mvuvi anayenunua mashua iliyokwisha kuundwa na yule anayeletewa mbao: huyu wa pili asipokuwa na msumeno, misumari na pamba ya kukalafatia, mbao zitabaki mbao. Pip haimwulizi mtumiaji anataka njia ipi, wala haikagui kwanza kama zana zote zipo. Inaanza kazi, na zana ya kwanza inayokosekana ndiyo inayozaa kosa.

Jambo hili lina uzito wa pekee Nyamisati. Kijiji hiki cha wilaya ya Kibiti kiko kwenye delta ya Rufiji, na ndiko zinakotoka boti za kwenda Kilindoni, Mafia. Kazi za kufanywa na kijana anayejua kutengeneza tovuti hazikosekani hapo: ratiba za boti zinazofuata maji kujaa na kupwa, kumbukumbu za manunuzi ya kamba na kaa, orodha za abiria na mizigo. Lakini anayejifunza kwa bando la simu hulipia kila jaribio linaloshindikana. Aliyeko Dar es Salaam, kwenye ofisi yenye intaneti ya nyaya, anaweza kukosea na kurudia mchana kutwa bila kuhesabu gharama. Wa Nyamisati bando linamwishia katikati ya kosa la tatu, naye huondoka akiamini kwamba kompyuta si za watu kama yeye. Imani hiyo ni ya kuumiza, na haina msingi, kwa sababu makosa haya yanajulikana, yana mpangilio, na yanaweza kumalizwa kabla kompyuta haijaiacha barabara ya Kilwa pale Bungu kuelekea pwani.

Anayekutana na kosa anatakiwa kwanza ajue mahali pa kusoma. Pip ikishindwa kukompaili humwaga makumi ya mistari, na mwishoni huweka maneno ya jumla, “error: subprocess-exited-with-error”, pamoja na dokezo kwamba huenda tatizo si la pip yenyewe. Mistari hiyo ya mwisho inasema kwamba kuna programu nyingine iliyoitwa na ikashindwa. Haisemi kwa nini. Sababu iko juu yake, kwenye kosa la kwanza lililotolewa na kompaila au na programu inayoiandalia kompaila kazi. Kwa hiyo msomaji anapanda juu, akitafuta mahali pa kwanza palipoandikwa “error” au “not found” mbali na maneno hayo ya jumla. Wengi hunakili mstari wa mwisho na kuutafuta mtandaoni, kisha wanarudi na majibu ya matatizo ya watu wengine, kwa kuwa mstari ule huandikwa kwa karibu kila kosa la aina hii. Mkufunzi atakayefundisha jambo hili moja, kusoma kosa kuanzia juu, amewaokolea wanafunzi wake mabando mengi.

Mfano mzuri ni mysqlclient, maktaba ambayo Django huipendekeza kwa kanzidata ya MySQL. Kwa Linux haitolewi ikiwa imekompailiwa, kwa hiyo kila anayeisakinisha kwenye Ubuntu kupitia pip anaikompaili mwenyewe, atake asitake. Kwenye kompyuta mpya, kosa la kwanza huja hata kabla kompaila haijaitwa. Maktaba hutumia programu ndogo iitwayo pkg-config kuuliza mafaili ya MySQL yako wapi, na ikikosa jibu hulalamika kwamba haikupata jina halali la pkg-config. Mistari michache juu ya malalamiko hayo kuna namba ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayotoa jibu. Ikiwa ni 127, maana yake pkg-config yenyewe haipo kwenye kompyuta. Ikiwa ni 1, pkg-config ipo, iliulizwa, na ikajibu kwamba haiyajui mafaili ya MySQL. Hali ya kwanza hutibiwa kwa kusakinisha pkg-config. Ya pili hutibiwa kwa kusakinisha default-libmysqlclient-dev. Mtu asiyeitazama namba hiyo anaweza kusakinisha kimoja, akaona kosa lile lile limerudi, akadhani hakuna kilichobadilika, kumbe amesogea hatua moja mbele.

Baada ya hapo huja kosa la kompaila kukosekana: amri ya x86_64-linux-gnu-gcc imeshindwa kwa kuwa faili hilo halipo. Dawa yake ni build-essential, mkusanyiko unaoleta gcc, make na mafaili ya msingi ya C kwa pamoja. Kisha gcc inapopatikana na kuanza kazi, hufika mahali ikasema “fatal error: Python.h: No such file or directory”. Hapa wanafunzi hushangaa sana, kwa kuwa Python wanaiona ipo na inafanya kazi. Ni kweli ipo, lakini Ubuntu na Debian hugawa vitu vya aina hii mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la anayetaka kuendesha programu tu. La pili ni la anayetaka kukompaili programu nyingine itakayoungana na hiyo, na ndilo lenye mafaili ya hederi, yale yanayoishia na .h. Fungu la pili jina lake huishia na -dev. Kwa Python ni python3-dev. Kwenye Fedora mwisho wake ni -devel.

Mwanafunzi akishaelewa mgawanyo huo, makosa mengi yanakuwa kosa moja lenye sura nyingi. Psycopg2, maktaba ya PostgreSQL, ikilalamika kwamba haioni pg_config, inahitaji libpq-dev. Pillow, maktaba ya picha, ikisema haikupata hederi za jpeg au zlib, inahitaji libjpeg-dev na zlib1g-dev. Na kosa likitoka hatua ya mwisho, ya kuunganisha vipande, kwa maneno “cannot find -lz” au herufi nyingine baada ya -l, ni maktaba ile ile ya -dev inayodaiwa kwa mlango mwingine. Asiyejua fungu lipi lina faili gani anaweza kuiuliza programu ya apt-file. Ukiitajia jina la faili lililokosekana, inarudisha jina la fungu lililo nalo.

Kwa hiyo kompyuta ya Ubuntu inayokusudiwa kufundishia Django ingefaa itoke ghalani ikiwa na build-essential, pkg-config, python3-dev, python3-venv, default-libmysqlclient-dev, libpq-dev, libjpeg-dev na zlib1g-dev. Ni amri moja. Kwenye intaneti nzuri ya Dar es Salaam haichukui muda wa kunywa chai. Nyamisati, kwa bando, ni gharama ambayo mwanafunzi hapaswi kubebeshwa.

Kuna makosa ambayo zana zote zikiwepo bado yanatokea, nayo husababishwa na matoleo yasiyooana. La kawaida ni pip ya zamani. Aina mpya za mafaili ya whl kwa Linux zilianza kutambuliwa na pip 19.3, lakini Ubuntu 18.04 ilikuja na pip 9. Pip ya namna hiyo hulipita faili lililokompailiwa kana kwamba halipo, ikachukua msimbo chanzo, ikaanza kukompaili kitu ambacho hakikuwa na haja ya kukompailiwa. Ndivyo watu wengi walivyokwama Februari 2021, pale maktaba ya cryptography ilipotoa toleo la 3.4 na kuanza kutumia Rust: wenye pip ya zamani walidaiwa kompaila ya Rust, ilhali wengi wao wangeponywa kwa kuisasisha pip peke yake. Kusasisha pip ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote, na inastahili kujaribiwa kabla ya nyingine yoyote.

Upande wa pili kuna Python iliyo mpya kupita kiasi. Toleo jipya la Python hutoka kila Oktoba, na wenye maktaba huchukua wiki au miezi kutengeneza mafaili ya whl kwa ajili yake. Anayesakinisha Django kwa Python ya mwezi uliopita atajikuta anakompaili vitu ambavyo mwenzake mwenye Python ya mwaka uliopita anavipata tayari. Zaidi ya hayo, toleo la 3.12, la Oktoba 2023, liliondoa sehemu ya distutils, iliyokuwa ikitegemewa na maandalizi ya maktaba nyingi za zamani. Baadhi ya hizo sasa husimama na kusema hakuna moduli ya jina hilo. Kompaila nayo hubadilika. GCC 14, ya mwaka 2024, iligeuza kuwa makosa mambo kadhaa ambayo matoleo ya nyuma yaliyaacha yapite kwa onyo, hivyo msimbo wa C uliokompailika miaka yote ukagoma bila kuguswa na mtu. Ushauri wa busara kwa darasa ni kubaki toleo moja nyuma ya jipya kabisa, kwa Python na kwa mfumo endeshi pia. Tamaa ya kuwa na kipya haina faida darasani.

Kompyuta zilizotumika, ambazo shule nyingi huzipata kwa msaada, zina mawili ya ziada. Zile zenye mfumo wa biti 32 hazitengenezewi tena mafaili ya whl na maktaba nyingi kubwa, kwa hiyo karibu kila kitu kinakompailiwa hapo hapo. Na zile zenye kumbukumbu ndogo huishiwa nafasi kazi ikiwa katikati. Mfumo endeshi huiua kompaila na neno linaloonekana ni “Killed”, bila maelezo. Hilo si kosa la msimbo. Linatibiwa kwa kuongeza nafasi ya swap kwenye diski na kukompaili kipande kimoja kwa wakati, au, bora zaidi, kwa kukompaili kwenye mashine yenye nguvu na kuhamisha tokeo lake.

Kwa Windows hadithi ni fupi. Kosa linalojulikana ni lile linalodai Microsoft Visual C++ 14.0 au zaidi, na zana zinazodaiwa ni gigabaiti kadhaa. Kuziagiza kwa bando la kijijini ni kumtwisha mwanafunzi mzigo usiobebeka. Ziwekwe kabla, au darasa litumie maktaba zilizokwisha kukompailiwa kwa Windows. Mysqlclient yenyewe hupatikana hivyo. Upande wa Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, kazi ya kukompaili hufanywa na node-gyp, inayotaka Python, make na kompaila ya C++, na matoleo yake ya kabla ya la 10 huanguka mbele ya Python 3.12 kwa sababu ile ile ya distutils. Mafunzo mengi ya zamani bado yanaelekeza node-sass, maktaba ya kuandalia mitindo ya kurasa, ambayo watengenezaji wake walitangaza mwaka 2020 kwamba wanaiacha. Mahali pake pashikwe na sass. Laravel, fremuweki ya PHP, haisumbui sana kwa upande huu, kwa kuwa vitegemezi vyake ni PHP tupu. Kinachokosekana huko ni viendelezi vya PHP vyenyewe, na apt, kisakinishi cha Ubuntu, huvileta vikiwa tayari.

Pia ipo njia ya kuepuka kukompaili kabisa, na kwa anayeanza ndiyo inayofaa. Django huja na uwezo wa kutumia SQLite bila kusakinisha chochote, na SQLite inatosha kwa miezi yote ya kujifunza na hata kwa tovuti ndogo ya ratiba za boti. Anayehitaji PostgreSQL anaweza kuanza na psycopg2-binary, ambayo imeshakompailiwa. Na anayelinda bando lake aiambie pip --only-binary :all:, ili ikose mapema na kusema wazi kwamba faili lililo tayari halipo, badala ya kupakua msimbo chanzo ambao hataweza kuutumia. Mtaala unaomlazimisha mwanafunzi kuanza na MySQL siku ya kwanza unamwekea ukuta pasipo sababu ya kielimu.

Mahitaji ya Nyamisati, hata hivyo, hayaishii kwenye zana. Yanahusu pia mahali maktaba zinakotoka. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, ng'ambo tu ya mkondo. Siku nane baadaye, tarehe 12 Mei, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Mwezi huo mafuriko ya Rufiji yalikuwa bado hayajasahaulika Kibiti. Darasa linalotegemea kupakua kila kitu kutoka nje ya nchi kila linapoanza mradi mpya linasimama kila mawasiliano yanapoyumba. Tiba yake ni ghala la maktaba linalokaa hapo hapo kijijini, kwenye diski moja ya nje.

Kulitengeneza si kazi kubwa. Maktaba zote za Python duniani ni terabaiti nyingi, lakini zinazohitajiwa na kozi ya Django zinaenea kwenye flashi. Kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi na toleo la Python sawa na zile za darasani, mtaalamu huandika orodha ya mahitaji ikitaja namba kamili ya toleo la kila maktaba, kisha huamuru pip wheel akiielekeza kwenye folda moja. Amri hiyo hupakua vilivyo tayari, hukompaili visivyo tayari, na kuviacha vyote vikiwa mafaili ya whl. Mwanafunzi wa Nyamisati naye anasakinisha kwa kuielekeza pip kwenye folda hiyo na kuikataza kutoka nje, kwa maneno --no-index na --find-links. Kazi ya kukompaili imekwisha kufanyika mbali. Kwake hakuna kinachoweza kugoma kwa kukosa hederi. Mafungu ya Ubuntu nayo hukusanywa kwa apt-get install --download-only na kunakiliwa kutoka /var/cache/apt/archives. Darasa likiwa na aina mbili za kompyuta, maghala yawe mawili. Faili la whl lililokompailiwa kwa mfumo mmoja halifai kwenye mwingine. Leseni za maktaba hizi huria zinaruhusu kunakili na kugawa, kwa hiyo hakuna kibali cha kusubiri.

Mgawanyo wa kazi kati ya ofisi tatu zinazoandikiwa unaonekana wazi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha huduma mahali ambapo biashara peke yake haifiki, na unapopeleka kompyuta unaweza kuweka kwenye masharti ya ununuzi kwamba zana za kukompaili ziwemo na ghala liambatane nazo. VETA, yenye wakufunzi wa fani hizi, ndiyo inayofaa kutunza orodha ya matoleo, kuihuisha mara moja kwa mwaka, na kuandaa karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza makosa yaliyotajwa hapa, kila kosa na dawa yake. Karatasi hiyo ina haki ya kuwepo: Django yenyewe inaweza kuonyesha kurasa zake za utawala kwa Kiswahili kwa kubadili mpangilio mmoja, na mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar Novemba 2023, kwa hiyo wanaoijua teknolojia hii na kusema Kiswahili hawatafutwi mbali. Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti inahitajika kwa jambo ambalo ofisi za mbali haziwezi, yaani kumteua mtu wa kutunza diski hiyo, Nyamisati kwanza, kisha kuipitisha kwa boti Mbwera, Msala, Maparoni na kwingine ndani ya delta.

Ghala linajaribiwa kabla halijasafirishwa. Kompyuta moja isiyo na kitu husakinishwa upya, intaneti ikazimwa kabisa, na mradi mzima wa Django ukajengwa kutoka kwenye diski mpaka ukurasa wake wa kwanza ufunguke kwenye kivinjari. Kila jina litakalotajwa na kosa katika jaribio hilo huongezwa kwenye ghala, na jaribio hurudiwa mwanzo kwenye kompyuta iliyofutwa tena, mpaka lipite bila kosa. Hapo ndipo diski inanakiliwa, inaandikwa tarehe na toleo la Python lililotumika, na kukabidhiwa kwa maandishi kwa mtunzaji wake wa Kibiti.